Kilima cha Takadachi, Hiraizumi: Shairi la Majani na Kifo cha Yoshitsune
Kwa kiingilio kidogo, mgeni afikaye Hiraizumi, kaskazini mwa Japani, hupanda kilima cha Takadachi, ambako inasimuliwa kwamba jemadari Minamoto no Yoshitsune alijiua mwaka 1189 baada ya kushambuliwa na Fujiwara no Yasuhira, mwenyeji wake aliyeshinikizwa na Yoritomo, kaka yake Yoshitsune mwenyewe. Miaka 500 baadaye, mwaka 1689, mshairi Matsuo Bashō alifika hapo akatunga shairi fupi lisilotaja pigano wala jina la mtu, ila majani ya kiangazi yaliyoota palipobaki ndoto za wapiganaji. Shairi hilo limechongwa katika jiwe. Hekalu dogo la mwaka 1683, lenye sanamu ya Yoshitsune, linatosha kutazamwa kwa dakika chache. Mandhari ya mto Kitakami ndiyo inayostahili safari, hasa wakati wa joto, nyasi zikiwa ndefu.