Spika za sebuleni na stendi zake: cha kununua kwanza ukiwa Mwanza

Kwenye maduka ya elektroniki ya Mwanza mjini, mzigo unaowekwa mbele ni hom thieta yenye minara minne, taa za rangi na kibandiko cha wati 10,000. Geuza boksi usome maandishi ya nyuma, karibu na waya wa umeme. Yakisema mashine inavuta wati 80, basi spika zote kwa pamoja zitapata pungufu ya hizo 80, kwa sababu mashine haitoi umeme isioupokea. Namba ya mbele ni PMPO, haipimi chochote utakachokisikia. Uliza RMS, yaani wati ambazo mashine inatoa mfululizo. Kwa sebule ya mita 4 kwa 4, wati 30 hadi 50 za RMS kwa kila spika zinatosha.

Halafu fikiria unachotazama. Muziki, video nyingi za YouTube na filamu zilizotafsiriwa Kiswahili kwa kawaida zina sauti za pande mbili tu, kushoto na kulia. Spika za nyuma hapo hupewa nakala ya zile za mbele au hukaa kimya. Ndiyo maana orodha yetu hapa chini, kuanzia chaguo bora, inathamini spika nzuri za mbele, zilizokaa usawa wa masikio, kuliko wingi wa spika.

Nafasi ya kwanza: risiva na spika mbili za boksi la mbao

Risiva hapa ni amplifaya inayopokea sauti ya runinga na kusukuma spika, si dekoda. Chagua spika zenye woofa (ya sauti nzito) ya inchi 5 au 6 na twita yake (ya sauti nyembamba). Anza na hizo mbili, ongeza ya katikati kwa ajili ya maongezi, kisha sabufa, na za nyuma ziwe za mwisho. Kila shilingi unayoongeza inajenga juu ya ile ya kwanza, na kikiharibika kimoja hubadilishi vyote.

Risiva nyingi nzuri zinapatikana za mtumba, na hapo ndipo watu wanapoumia. Zilizotoka Japani hutumia volti 100, za Marekani 120. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya volti 230 inaweza kuungua palepale. Tafuta iliyoandikwa 230V au 220–240V; vinginevyo weka kwenye hesabu bei ya transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa kwenye risiva. Dukani jaribu kila tundu la HDMI na kila njia ya spika, si moja tu. Angalia na omu, kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme: risiva iliyoandikwa 6–16 usiifunge spika za omu 3 zilizong'olewa kwenye hom thieta ya zamani. Itafanya kazi kwa sauti ndogo, ukiongeza inapata moto na kujizima.

Nafasi ya pili: saundibaa yenye sabufa yake

Kwa mpangaji, au kwa chumba kisichozidi mita 3 kwa 4, hii inaweza hata kuwa chaguo la kwanza. Waya mmoja wa HDMI unatosha, mradi tundu la runinga limeandikwa ARC, yaani linaweza kurudisha sauti ya runinga kwenye saundibaa. Sauti ikiendelea kutokea kwenye runinga, ingia mipangilio ya sauti uchague HDMI ARC, kisha washa CEC, inayofanya vifaa viwasiliane kupitia HDMI (kwenye Samsung inaitwa Anynet+, kwenye LG ni Simplink). Usiisukumie saundibaa ndani ya kabati. Maongezi yatakuwa mazito na hayatasikika vizuri.

Nafasi ya tatu: sabufa ya 2.1 au 3.1

Hii ni seti ya sabufa moja na spika ndogo mbili au tatu. Kwa muziki inatosha na bei yake ni rafiki. Gonga boksi kwa kidole: la mbao linajibu kwa sauti fupi na nzito, la plastiki linalia. Hakikisha waya za spika ndogo zinachomoka, maana zinazokuja nazo ni fupi na spika zote huishia kurundikwa juu ya sabufa.

Nafasi ya nne: hom thieta ya 5.1 ya boksi moja

Hii ina spika tano na sabufa moja. Minara yake mingi ni plastiki tupu yenye spika ndogo moja au mbili juu, na plagi zake ni za mashine hiyohiyo. Mashine ikifa, spika hazina pa kwenda kirahisi. Nunua tu kama ina HDMI ARC au tundu la optiko, na kama kochi halijabana ukuta wa nyuma, ili spika za nyuma zipate nafasi.

Stendi: chora mwenyewe, mpelekee fundi wa kuchomelea

Stendi nyepesi za dukani huyumba, na mtoto akiigusa tu spika inaanguka. Fundi yeyote wa Igoma au Buzuruga anaweza kukutengenezea bora zaidi. Kwanza kaa kwenye kochi upime kutoka sakafuni hadi sikioni. Mara nyingi ni sentimita 90 hadi 100. Toa urefu wa kutoka chini ya spika hadi katikati ya twita. Kinachobaki ndicho kimo cha stendi. Mfano: 95 kutoa 25 ni sentimita 70.

Mpe fundi vipimo hivi: bomba la mraba la inchi 3 kwa 3, pleti ya chini ya sentimita 30 kwa 30 yenye unene wa milimita 6, na pleti ya juu ndogo kidogo kuliko kitako cha spika. Pleti hiyo ya chini peke yake ina zaidi ya kilo 4. Mwambie aache tundu la kumiminia mchanga juu, na achomelee chini pande zote nne bila kuacha upenyo. Mchanga wa ziwani hauna chumvi, tatizo lake ni unyevu na vipande vya konokono. Uchekeche, uanike juu ya bati kwenye jua kali siku mbili ukiugeuza, ndipo ujaze. Ukiwa mbichi, bomba litaota kutu kutoka ndani. Bomba la sentimita 70 linameza takriban kilo 5, na stendi haitalia tena besi ikipiga. Bandika raba kwenye pembe nne za chini kwa ajili ya vigae, na vipande vyembamba vya raba kati ya pleti na spika.

Kuzifunga

Tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5. Kwangua ncha kwa wembe: ikitokea nyeupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, besi inapotea na sauti ya mwimbaji haijulikani inatokea wapi. Unyuzi mmoja wa waya ukigusa tundu la jirani, risiva inaweza kuandika PROTECT na kukataa kuwaka.

Ukikaa mita 2.5 kutoka kwenye runinga, achanisha spika za mbele karibu mita 2 hadi 2.5, uzigeuzie kochi kidogo. Za nyuma ziwe pembeni yako, nyuma kidogo ya masikio na juu kidogo. Kwenye mipangilio ya risiva, ukubwa wa spika chagua Small na mpaka wa besi uwe 80 Hz, ili besi nzito ibebwe na sabufa. Usiisukumie sabufa kwenye kona kabla ya kujaribu kwingine. Kona huivimbisha besi, na dari la jipsamu na vioo vya madirisha hutetemeka. Chumba cha vigae na kuta tupu kina mwangwi: zulia zito mbele ya kochi na pazia nene vitakusaidia kuliko kuongeza spika.

Radi za ziwani hupiga sana usiku na alfajiri. TV gadi husaidia umeme unapopanda na kushuka, lakini haizuii radi. Kabla ya kulala chomoa plagi ukutani, pamoja na waya wa dishi nyuma ya dekoda, kwa sababu radi hupita huko hadi kwenye HDMI na kuua risiva ambayo plagi yake ilikuwa imeshachomolewa.