SSD au hadidiski: kazi za studio ya nyumbani uziweke wapi?

Kwa kurekodi sibishani: SSD, yaani diski isiyo na kipande kinachozunguka; hadidiski ina sahani zinazozunguka. Faili moja ya WAV (sauti isiyobanwa) ya ubora wa biti 24 na kilohezi 48, mono (njia moja ya sauti), hula takriban MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye sauti 20, kila moja na faili yake, unakaribia MB 700. SSD ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) husoma kama MB 500 kwa sekunde, hadidiski mara nyingi MB 100 hadi 150. Tofauti utaiona unapofungua sampuli nyingi (vipande vya sauti vilivyorekodiwa tayari) za zeze na ilimba, ala za Wagogo, kwa pamoja. Tena SSD haina mngurumo wa kunaswa na maikrofoni.

Kuhifadhi kazi zilizokwisha ni habari nyingine. Hapo naipenda hadidiski: kwa pesa ileile unapata nafasi kubwa zaidi, na SSD iliyokaa kabatini miaka bila umeme inaweza kupoteza data. Ila usiiangushe, na usinakili faili wakati umeme wa Dodoma unakatika-katika. Vumbi la kiangazi? Kifuko kinatosha.

Nawasihi sana, nakala ya pili ipelekeni kwa ndugu, hata Kondoa au Mpwapwa. Mwizi akibeba kompyuta, hubeba na diski iliyo pembeni yake.