Kifaa cha usikivu cha mpwa wangu: tumekijaribia Mwaloni Kirumba

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Kelele mnazosikia ni za wauza dagaa wa Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza. Nimepachagua makusudi.

Leo simu tunaziweka pembeni. Huyu mpwa wangu, miaka tisa, na hicho alichovaa nyuma ya sikio mtaani wanakiita shimesikio. Sicho. Hiki ni kipandikizi cha sikio, cochlear implant. Shimesikio linakuza sauti tu. Hiki kinairuka kabisa sehemu ya sikio iliyokufa. Maikrofoni inanasa sauti, prosesa inaichambua, halafu hii koili, ona, inashikwa na sumaku tu, inaipitisha kwenye ngozi hadi kwa mwenzake aliyepandikizwa ndani. Huko kuna uzi mwembamba umeingizwa kwenye ile sehemu iliyojikunja kama konokono, unaushtua mshipa wa fahamu kwa umeme.

Wafaransa Djourno na Eyriès walijaribu kuushtua mshipa huo kwa umeme Paris mwaka 1957. Mgonjwa akasikia vitu kama nyenje. Aliyenivutia ni Graeme Clark wa Melbourne, baba yake alikuwa na tatizo la kusikia. Namna ya kuusukuma ule uzi kwenye mzingo aliipata ufukweni, akichomeka jani la nyasi kwenye gombe. Mimi mtoto wa ziwani, hiyo nimeielewa haraka! Mwaka 1978 akampandikizia mtu mzima kifaa chenye elektrodi nyingi, yaani vituo vidogo vya kutolea umeme kwenye ule uzi. Kwetu, Muhimbili walianza 2017. Kabla ya hapo ilikuwa ni kupanda ndege.

Sasa jaribio. Nyumbani nikimpa mgongo nikasema "sangara", anarudia vizuri. Hapa nimesema "sangara", kageuka kunitazama mdomo. Sikio lisilo na tatizo lina seli zenye vinyweleo vya kusikia kama 3,500 kwa safu ya ndani. Kwenye hiki kifaa zipo elektrodi 22. Kwenye utulivu zinatosha, mwaloni zinazidiwa.

Kero nyingine: helmeti ya bodaboda inaing'oa koili. Jasho nalo, kila usiku inalala kwenye kikopo cha kukaushia. Kuoga ziwani, sehemu ya nje inavuliwa. Na usidhani ukitoka chumba cha upasuaji umeshasikia. Siku ya kwanza kuwashwa alilia, sauti yangu akaikimbia. Kuna kurekebishiwa tena na tena, na mazoezi ya kuongea kila siku.

Juzi koili imedondoka ikanasa kwenye mizani ya mama mmoja hapa, tumeitafuta nusu saa.

Subiri, kaivua mwenyewe. Unasemaje? Ahaa. Anasema kwa mikono: mama wa dagaa anapiga kelele mno.