Oti za uji kwenye eli nyeupe: zinafaa, lakini kwa kipimo

Eli nyeupe (bia ya “pale ale”) ya kupikwa nyumbani mara nyingi hutoka na harufu nzuri lakini nyembamba mdomoni, kama maji yaliyopitishwa kwenye kimea. Pakiti ya oti kwenye rafu ya uji hulitibu tatizo hilo kwa bei ndogo. (Oti si shayiri, ingawa majina hayo huchanganywa sana. Shayiri ndiyo inayooteshwa kwa kawaida kuwa kimea cha bia.)

Quaker Old Fashioned ina oti tupu, hakuna kingine. Zimepigwa mvuke kabla ya kubanwa, hivyo wanga wake umeshalainika: humwagwa pamoja na kimea bila kupikwa wala kusagwa. Zile punje zilizokatwakatwa bila kubanwa hupikwa kwanza hadi ziwe uji, kazi ambayo glasi hailipi. Za papo hapo zenye sukari, chumvi au vanila zibaki kuwa kifungua kinywa.

Kwa lita 20, kilo 4 za kimea cheupe na gramu 400 za oti zinatosha, yaani karibu asilimia 9. Haidromita, kipimo cha sukari kwenye bia changa, itapanda nukta 4 hivi (yaani 0.004) kwa ajili ya oti, na rangi haibadiliki. Chini ya asilimia 5 huonji tofauti. Ukifika 20 unaingia kwenye bia za ukungu za mtindo wa New England, na hapo shida za kuchuja zinaanza.

Shida yenyewe ni beta-glukani, utelezi ule ule unaoufanya uji wa oti uwe mzito. Ndio unaoipa bia ulaini, na ndio unaoziba chujio. Oti hizi hazina vimeng'enya vyake, zinategemea vya kimea. Changanya oti zote na gramu 400 za kimea kilichoparazwa, tia lita 3 za maji, mchanganyiko utulie kwenye nyuzi 45 kwa dakika 20. Kisha unganisha na kimea kilichobaki na maji ya moto hadi nyuzi 66, subiri saa moja. Ukianza moja kwa moja na 66, vimeng'enya vinavyokata utelezi huo hufa mapema. Kwa gramu 400 unaweza kuiruka hatua hii, kwa kilo moja usithubutu.

Kumvi za mpunga, gramu 200 zilizooshwa vizuri, huacha njia za maji kati ya machicha. Fungua bomba polepole. Maji yakikwama usiongeze mvuto: machicha yatajibana zaidi. Funga, koroga juu hadi karibu na chujio, ongeza maji ya nyuzi 76, acha dakika 10, halafu rudisha juu yale ya kwanza yenye vumbi. Anayepikia kwenye mfuko wa kitambaa atasubiri tu udondoke kwa muda mrefu zaidi.

Mafuta nayo? Sanduku linaonyesha gramu 3 kwa kila gramu 40, na mafuta ni adui wa povu. Kwa asilimia 9 sehemu kubwa hubaki kwenye machicha, povu linasimama vizuri. Usiyakamue machicha, basi.

Kimea cha oti (oti zilizooteshwa) cha kampuni ya Thomas Fawcett kina maganda yake, kwa hiyo huchujika kwa urahisi zaidi, lakini punje ni nyembamba na kinu cha kimea cha shayiri kitazipitisha nzima usipokibana. Nacho kinafaa ukitaka asilimia 15 na kuendelea. Golden Naked Oats za kampuni ya Simpsons ni tamu, zina harufu ya karanga na huitia bia rangi ya dhahabu. Kwa eli nyeupe kweli, hapana.

Anayetaka glasi ya kuonea gazeti upande wa pili asinunue yoyote kati ya hizi, ukungu utakuwepo. Na bia ya oti nyingi huharibiwa upesi na hewa: wakati wa kujaza chupa, mpira ufike chini kabisa, bia isiruke.