Boti ya abiria ya saa moja na nusu asubuhi, Lamu hadi Mokowe

Nimeipanda boti hii tangu Januari mwaka jana, siku tano kwa wiki, kwenda kazini Mokowe, ng'ambo upande wa bara, na kurudi. Jina lake liko ubavuni kwa rangi ya buluu, na sitaliandika hapa kwa sababu nitayasema na mabaya yake. Nauli ninayolipa ni shilingi 150. Mwendo ni dakika 35 hivi maji yakiwa mazuri, na hufika 45 upepo wa kusi ukivuma. Naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja iliyobaki nimeizuia kwa jambo zito, nitafika huko.

Kwanza nieleze nilikotoka, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini mtu mzima anakaa chini kuisifu boti ya mbao yenye injini ya dizeli.

Nilikaa Nairobi miaka 6, nikiishi Rongai, pembezoni mwa jiji, na kufanya uhasibu mjini. Saa kumi alfajiri nimeamka, saa kumi na moja niko stejini, na kuna siku nilitia mguu ofisini saa mbili na nusu. Jioni mambo yale yale. Kila siku nilikuwa natazama visogo vya watu kwa saa nne nzima. Mshahara ulikuwa mzuri na niliongezwa mara mbili. Kila nyongeza niliizoea ndani ya miezi mitatu, nikawa kama niliyezaliwa nayo. Foleni sikuizoea hata siku moja katika miaka yote ile, kwa sababu haikuwa na mwenendo: leo saa moja unusu, kesho tatu, na wewe umeketi tu huna la kufanya.

Katika mafunzo fulani ya kazini tulifundishwa ngazi ya Hadley Cantril, mtafiti wa Marekani aliyeitoa mwaka 1965. Unaambiwa ufikirie ngazi yenye vipandio kutoka 0 mpaka 10. Juu kabisa ni maisha bora kuliko yote unayoweza kuyapata, chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Umesimama wapi? Ngazi hiyo ndiyo inayotumiwa katika ripoti ya furaha duniani, ile iliyoiweka Ufini nafasi ya kwanza mwaka baada ya mwaka kuanzia 2018. Mimi ni mtu wa hesabu, nikaanzisha daftari. Kila Ijumaa niliandika kipandio changu, na kando yake namba ya jinsi kila siku ya wiki ilivyonipitia.

Kipandio kilikuwa 6, wakati mwingine 7. Siku zilikuwa 3 na 4. Kwa muda mrefu sikuelewa inakuwaje mwanamke aliyesimama kipandio cha 7 analia ndani ya matatu kwenye barabara ya Lang'ata, huku ameinamia simu ili asionekane. Nilikuja kupata maelezo kwa watafiti wawili, Daniel Kahneman, mwanasaikolojia, na Angus Deaton, mwanauchumi, walioandika mwaka 2010 kwamba haya ni mambo mawili: vile mtu anavyoyahukumu maisha yake akiulizwa, na vile siku yenyewe inavyompitia. Wao waliona kipato huinua hukumu bila kukoma, lakini furaha ya siku hufika mahali ikasimama. Mwaka 2023 Kahneman mwenyewe alikaa na Matthew Killingsworth, aliyekuwa amepata matokeo tofauti, wakairekebisha hesabu hiyo: kwa watu wengi, furaha ya siku nayo huendelea kupanda na kipato. Sina ugomvi na hilo. Kwangu kilichobaki ni kule kutenganisha. Daftari langu lilikuwa limeshatenganisha kabla sijasoma.

Na safari ya kazini iko upande wa siku. Mwaka 2004 Kahneman na wenzake waliwauliza wanawake 909 wa Texas waieleze siku yao ya jana kipande kwa kipande, walifanya nini, na nani, walijisikiaje. Safari ya asubuhi ya kwenda kazini ilikuwa mkiani kabisa. Niliposoma hivyo nilihisi kama kuna mtu amefungua dirisha la ile matatu.

Nilirudi Lamu kwa sababu baba aliugua. Nikapata kazi Mokowe, mshahara pungufu kwa theluthi moja. Ndivyo nilivyoijua boti hii.

Sasa boti yenyewe. Ina mabenchi mawili marefu ya mbao, moja kila ubavu, na turubai juu. Hakuna viti vya kutazama mbele. Ukikaa, magoti yako yanaelekeana na magoti ya mtu. Ukiinua macho unakutana na uso, si kisogo. Huwezi kuingia bila salamu, maana kila mmoja anakuona ukishuka gatini, na ukinyamaza watajua una jambo. "Sabalkheri" inazunguka benchi zima mpaka imfikie nahodha, ambaye anajibu bila kugeuka, mguu mmoja juu ya mkono wa usukani.

Mama akija na mtoto mchanga, mtoto hupokewa kwanza. Anatoka mikononi mwa mama gatini, anashikwa na baharia, anapita kwa mzee, kwa mwanafunzi, kwa mimi, mpaka mwisho wa benchi karibu na tezi, nyuma ya boti, ambako hakuna manyunyu, na mama yake hajatia mguu botini bado. Nimeona mtoto mmoja akipita watu 6 bila kuamka.

Nauli hukusanywa tukishaipita Wiyoni, nayo husafiri hivyo hivyo. Siku moja nilikuwa omo, mbele kabisa ya boti, na noti ya 1000 peke yake. Niliitoa, ikapita mkono kwa mkono hadi nyuma. Niliisahau, nilikuwa namsikiliza mzee mmoja akieleza kwa nini maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, ya mwezi ule yamekuwa marefu. Mara nikaguswa bega: shilingi 850, zimekunjwa vizuri, zimerudi kwa njia ile ile. Ripoti ya furaha ya mwaka 2025 ina maelezo juu ya pochi zilizopotea. Inasema kuamini kwamba pochi yako itarudishwa kunaambatana kwa nguvu na kuridhika na maisha, na kwamba pochi hurudishwa mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mimi ningependa waandishi wa ripoti ile waje wakae omo na noti ya 1000.

Kuhusu mazungumzo. Kuna utafiti wa Chicago wa mwaka 2014, wa Nicholas Epley na Juliana Schroeder. Waliwachukua abiria wa treni na mabasi, wengine wakaombwa wazungumze na mgeni aliye karibu nao, wengine wakae kimya peke yao, wengine wafanye kama kawaida yao. Watu wakiulizwa kabla walisema raha iko kwenye kukaa peke yako. Waliozungumza ndio waliofurahia safari zaidi. Niliposoma nilikumbuka miaka 6 ya kisikio masikioni, nikidhani najilinda. Kwa upande mmoja nilikuwa najilinda kweli. Mtu aliyesongwa kwenye matatu kwa muda wa saa mbili unusu hana nguvu ya kumsalimia mgeni, na simlaumu. Lakini hapa hakuna anayekuomba uzungumze. Mpangilio wa mabenchi umeshaamua.

Na kimya pia kina nafasi yake. Baba alifariki mwezi wa Mei. Siku niliporudi kazini nilishuka gatini nikawaza nitazibeba vipi pole za watu ishirini kwa dakika 35. Bibi mmoja ambaye huvuka kupeleka mahamri, ambaye mpaka leo tunaitana "bibi" na "mwanangu" tu, alisogea akapiga ubao kando yake. "Ndoo ukae hapa." Nikakaa. Hakusema neno jingine. Aliweka mkono wake juu ya goti langu, mkono wenye harufu ya iliki na mafuta, hakuuondoa mpaka Mokowe. Wengine walimwona, wakaelewa, wakazungumza mambo ya bei ya samaki kwa sauti ya chini. Siku ile kwenye daftari niliandika 5. Nilitegemea kuandika 1.

Spidi boti nimeipanda pia, niwe mkweli. Ni shilingi 250 na dakika 12 au 13, inafaa ukiwa na mgonjwa, ukiwa na ndege ya kuwahi kisiwani Manda, au umechelewa. Mnatazama mbele wote, upepo unakata masikio, hakuna anayesikia kitu. Kwa muda ni bora. Nikihesabu, naokoa dakika 22. Nimejaribu wiki nzima, na dakika zile 22 zilipotelea ofisini, sikuziona. Watafiti Alois Stutzer na Bruno Frey, wakitumia takwimu za Ujerumani, walionyesha mwaka 2008 kwamba wanaosafiri muda mrefu kwenda kazini huridhika na maisha kidogo kuliko wengine, na kwamba mshahara au nyumba nzuri haviwalipi kikamilifu. Naamini. Ila naongeza la kwangu: inategemea dakika hizo umezikalia wapi na umeelekeana na nani.

Sasa mabaya.

Mwezi wa Julai kusi likiwa limechachamaa, injini ilizima katikati ya njia. Tulielea kwa dakika 20, ubavu ukipigwa na wimbi, baharia akifua maji ya ngama, yaliyoingia chini ya boti, kwa debe lililokatwa. Tulikuwa watu 22. Nilihesabu jaketi za kuokoa maisha: 14. Tatu kati ya hizo zilikuwa zimefungwa kwa kamba ngumu chini ya benchi, na kuzifungua ilibidi kisu. Wanawake wawili wenye watoto walivalishwa kwanza, na hiyo ni heshima ya watu, si mpango wa chombo. Injini iliwaka, tukafika, tukasema alhamdulillahi, kesho yake jaketi zilikuwa 14 vile vile.

Nilimwendea nahodha jioni, peke yake, kwa adabu. "Ami, jaketi hazitoshi." Akasema anajua, na mafuta yamepanda. Sikatai kwamba mafuta yamepanda. Lakini nimefanya uhasibu miaka mingi, nikamwandikia kwenye karatasi: shilingi 5 zaidi kwa kila abiria, abiria 20, safari mbili kwa siku, siku 25, ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Nikamwambia mimi wa kwanza kulipa 155. Aliikunja karatasi akaitia kwenye kikoi. Kufikia leo ninapoandika, jaketi ni 19 na zile tatu zimefunguliwa kamba. Bado 19 si 22. Nyota ya tano iko hapo, na nitaitoa kwa furaha siku nitakayohesabu zikatimia.

La pili ni ngazi za gati maji yakipwa. Vile vipandio vya chini vina ukungu wa kijani na wazee huteleza. Hili si kosa la boti, lakini baharia angeweza kushuka akasimama kipandio cha chini badala ya kunyoosha mkono kutoka juu. Huyu wa sasa ni kijana, akikumbushwa anashuka.

La tatu, kungoja ijaze. Wakati wa upepo wa kaskazi, wageni wakiwa wengi, boti huondoka kwa wakati. Mwezi wa Ramadhani na siku za mvua unaweza kukaa dakika 25 gatini. Kama bosi wako anahesabu dakika, panda ile inayotangulia.

Daftari ninalo bado. Miezi ya kwanza kipandio kilishuka mpaka 5. Dada yangu aliniuliza mbele ya watu nimeacha mshahara ule nimerudi kufanya nini, na kila nilipoona picha za wenzangu wa Nairobi na magari yao namba ilishuka. Siku, lakini, zilipanda tangu wiki ya pili: 6, 7, 7, 6, 8. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa mtu mwenye siku nzuri katika maisha aliyoyahukumu kuwa ya wastani, kinyume kabisa cha nilivyokuwa Rongai. Ijumaa iliyopita kipandio kilikuwa 7. Mshahara haujabadilika. Sisemi ni boti peke yake. Nalala kwa muda wa saa 7 kila usiku, mama yuko nyumba moja nami, adhuhuri naswali bila kukimbia. Ila nikizitazama namba za siku moja moja, zilizo chini kabisa ni zile ambazo niliikosa boti.

Kwa atakayeipanda mara ya kwanza: uwe gatini saa moja na robo, uwe na shilingi 150 kamili ukiweza. Asubuhi kaa benchi la kulia, mgongo uelekee Manda, jua lisikupige usoni. Jioni wakati wa kusi kaa nyuma karibu na tezi, maana kurudi ni kuupiga upepo uso kwa uso na omo hulowa. Hesabu jaketi kabla hamjaondoka, na kama hazitoshi kwa hesabu ya abiria mwambie nahodha, atakusikiliza. Bibi wa mahamri hukaa wa tatu kutoka nyuma, upande wa kushoto. Ya iliki huisha kabla ya Mokowe.