Helikopta ya Kukodi na Ndoo Yake: Tathmini Kutoka Shamba la Misonobari, Mubende

Februari iliyopita moto wa nyasi uliruka barabara yetu ya kuzuia moto na kuingia katika kipande cha misonobari ya miaka 9, kwenye shamba ninalolisimamia wilayani Mubende, Uganda, na kwa mara ya kwanza wenye shamba wakakubali kulipia helikopta ya kumwaga maji. Wasimamizi wenzangu wa Kiboga na Nakasongola wameniuliza mara kadhaa kama huduma hiyo inastahili bei yake. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa ninayo malalamiko na nisingependa kuyageuza kuwa vita. Kazi ya rubani na ndoo yake ya kuchotea maji, inayoning'inia chini ya helikopta, ilistahili kila shilingi. Maandalizi ya ardhini, yao na yetu, ndiyo yaliyokula karibu nusu ya tulicholipia.

Walituletea AS350 B3, helikopta ya injini moja ambayo ndugu yake mmoja, akirushwa na Mfaransa Didier Delsalle, alitua juu ya kilele cha Everest tarehe 14 Mei 2005. Ukisikia sifa hiyo utadhani hakuna kinachoishinda. Delsalle, hata hivyo, alikuwa amepunguza uzito wa chombo chake kadiri alivyoweza, wala hakuwa na maji chini ya tumbo. Sisi tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na saa nane mchana wa Februari hewa huwa ya moto na nyepesi, mapanga ya helikopta hupata kidogo cha kushika, na mzigo lazima upungue. Ndoo iliandikwa lita 900, lakini nilimwona fundi akikaza mkanda wa ndani ili isijae zaidi ya asilimia 80, yaani lita 720. Nilidhani tunapunjwa, nikasema hivyo waziwazi. Fundi hakubishana, alinionyesha kipimajoto, kisha jedwali la uzito, nami nikanyamaza.

Ndoo yenyewe ni kifaa cha kupendeza. Ilishushwa kwenye pikapu ndani ya mfuko mmoja, imekunjwa kama mwavuli, ikafunguliwa na vijana wawili kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai. Ni turubai zito la rangi ya machungwa, lenye nyaya zinazokutana juu kwenye kichwa kimoja, na chini lina mdomo wa kitambaa ambao rubani huuachia kwa kubonyeza kitufe. Aina hii ilianzia Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1980, Don Arney alipobuni Bambi Bucket; kabla ya hapo ndoo nyingi zilikuwa ngumu, hazikunjiki, na kuzisafirisha kulikuwa taabu tupu.

Hata hivyo, anayefikiria kukodi asiulize kwanza ukubwa wa ndoo. Aulize maji yako umbali gani. Asubuhi tulichota katika bwawa la kunyweshea ng'ombe la jirani yetu, kilomita 2 kutoka motoni, na kila mzunguko ulichukua dakika 4 hivi: mizunguko 15 kwa saa, sawa na lita 10,800. Ilipofika saa saba bwawa lilikuwa limeshuka, ndoo ikawa inalala ubavu na kuzoa tope, tukalazimika kuhamia bwawa jingine lililo mbali, ambako mzunguko ulikuwa dakika 10. Hapo saa moja ikatupa lita 4,320 tu, kwa bei ileile. Zipo helikopta kubwa kama S-64, zenye tangi la takriban lita 10,000 linalojazwa kwa mpira wa kufyonza katika muda usiofika dakika moja, ila kwa shamba la ukubwa wetu hayo ni mazungumzo ya barazani.

Mzee mwenye bwawa alikuja na fimbo yake, akasimama pembeni muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hayo mapovu mnayotia, ng'ombe wangu watayanywa?" Kampuni ilikuwa imeleta dawa ya povu, inayosaidia maji kupenya kwenye majani makavu badala ya kuteleza juu yake. Povu huingizwa baada ya ndoo kutoka majini, lakini mabaki hurudi nayo inapochovywa tena. Rubani alisikia swali, akaamua tutumie maji matupu. Hakuna aliyemlazimisha, na kwa hilo pekee nampa alama za juu.

Rubani huyo alikuwa amefanya misimu kadhaa Antaktika, akibeba mapipa ya mafuta na vifaa vya watafiti kutoka melini hadi vituoni. Mwanzoni sikuona barafu inahusiana nini na Mubende. Kumbe kazi ni ileile ya kubeba mzigo kwa kamba ndefu huku rubani ameinamisha kichwa nje ya dirisha, akiutazama mzigo badala ya upeo wa macho. Hata vyombo huhama kati ya kazi hizo mbili: helikopta ya Kirusi Ka-32, aina iliyotumika kuzima moto wa misitu huko Hispania, ndiyo iliyokuwa juu ya meli ya Kichina Xue Long ilipowaokoa watu 52 kutoka meli ya Kirusi Akademik Shokalskiy, iliyonaswa na barafu, Januari 2014. Alitueleza kwamba wingu likifunika theluji, mbingu na ardhi huwa weupe mmoja, na rubani hutafuta kitu chochote cheusi, jiwe au pipa, ili ajue yuko juu kiasi gani. Moshi mzito nao humfanyia hivyohivyo, kwa hiyo alituomba tuegeshe trekta letu jekundu mwisho wa mstari wa moto. Kamba aliyotumia ilikuwa ya mita 30, ili upepo wa mapanga usituchochee moto tuliokuwa tunauzima. Pia aliwakataza vijana wangu kushika ndoana kabla haijagusa ardhi, kwa sababu mapanga yakizunguka katika hewa kavu hukusanya umeme. Kijana mmoja alisahau. Alirushwa akakaa chini, akacheka, na hakusahau tena.

Sasa malalamiko. Helikopta hii hutumia kiasi cha lita 180 za mafuta kwa saa, na gari la mafuta la kampuni, lililopaswa kututangulia, lilifika likiwa limechelewa saa moja na nusu. Muda wote huo chombo kilikaa kwenye uwanja wa shule, watoto wamekizunguka, huku moto ukila mistari mingine minne ya miti. Redio walikuwa nazo wao peke yao. Sisi tuliwasiliana kwa simu, na chini ya helikopta simu ni pambo. Ankara nayo ilihesabu dakika za kuja kutoka kandokando ya Ziwa Viktoria na za kurudi, kama arobaini kila upande, jambo ambalo kwa haki lilikuwa kwenye mkataba, ingawa kwa herufi za kumtafutia mtu miwani.

Kosa letu lilikuwa kudhani helikopta inazima moto. Inaupoza tu. Kila maji yalipomwagwa, tulikuwa na dakika chache za kuingia na majembe, mapanga na mabomba ya mgongoni kabla utomvu haujashika tena, na siku ya kwanza watu wangu walisimama kutazama. Jioni visiki vikaanza kufuka upya. Siku ya pili tulipanga vikundi vitatu, vikisubiri mbali na mahali maji yanapodondokea, kwa kuwa kilo 720 zikishuka huvunja matawi, na kazi iliyotushinda jana ikaisha kabla ya saa tano.

Nitawaita tena, na mapema zaidi, moto ukiwa bado ekari chache. Safari ijayo nitataka gari la mafuta liwe limefika kabla helikopta haijaruka, redio mbili zibaki mikononi mwetu, na muda wa kusubiri mafuta yao usiingie kwenye ankara. Upande wetu tumeanza kuchimba bwawa la kina cha mita 3 katikati ya shamba, na tumekata mikaratusi iliyokuwa upande ambao helikopta itaingilia. Mzee ameshauliza kama ng'ombe wake wataruhusiwa kunywa humo wakati wa kiangazi, nami nimemwambia waje, ila wapitie upande wa chini.