Dizeli au petroli ya kuvutia boti: uzoefu wangu Mombasa

Kazi yangu ni kuhamisha boti. Mwenye boti ya faiba pale Mtwapa akitaka kuipeleka kwa fundi Kilifi, au kuishusha Shimoni kwa ajili ya wageni wanaovua samaki wakubwa, hunipigia simu. Kwa miaka mingi nilivuta kwa Hilux ya petroli, lita 2.7. Siku hizi navuta kwa Hilux ya dizeli, lita 2.4, gia otomatiki, iliyotumika Uingereza kabla ya kufika hapa. Watu huniuliza kama dizeli ina thamani ya zile pesa za ziada, na wengi wanataka jibu la neno moja. Kwangu ni ndiyo. Shemeji yangu wa Tudor nilimwambia hapana, akaninunia, maana alikuwa ameshaipenda moja kwenye yadi.

Nianze dikoni, pale boti zinaposhushwa na kutolewa majini, kwa sababu huko ndiko tofauti inakoonekana hata kwa mtu asiyejua gari. Hapa kwetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita nne. Ukienda kuitoa boti maji yakiwa yamekupwa, unateremka mpaka chini kabisa, kwenye saruji iliyoota mwani, na magurudumu ya nyuma yanakanyaga utelezi. Nyuma yako kuna boti ya futi 23 yenye injini mbili, na trela ya ekseli mbili, jumla inakaribia tani mbili na nusu, tena boti yenyewe imelewa maji. Ile ya petroli ilitaka upige resi. Ukipiga resi magurudumu yanazunguka palepale, ukipunguza injini inalegea. Kila mara tulihitaji vijana wawili wa kukalia nyuma ya pikapu ili ishike chini.

Dizeli haitaki kelele hizo. Sababu yake ni hesabu tu. Injini yangu hutoa toki, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, ya Newton-mita 400, na huitoa ikiwa inazunguka mara 1,600 hadi 2,000 kwa dakika, yaani mwendo wa kunong'ona. Petroli ya 2.7 hutoa 245, na mpaka uifikishe mizunguko 4,000. Ukitazama nguvu za farasi peke yake utadanganyika, kwa sababu petroli ina farasi zaidi kidogo kuliko dizeli yangu: karibu 160 kwa 150. Muuzaji atakusomea farasi. Wewe muulize toki, kisha muulize inapatikana kwa mizunguko mingapi. Dikoni naweka 4L, ile gia nzito ya magurudumu manne, naachia breki polepole, nagusa mafuta kidogo, boti inatoka. Vijana sasa wanasimama pembeni na simu zao.

Barabarani mambo si ya ajabu kama wanavyosema. Kutoka Mtwapa hadi Kilifi ni njia ya pwani, vilima ni vya kuhesabika, na ile petroli ilikuwa ikienda vizuri tu. Watu pia husahau kwamba sisi tuko usawa wa bahari, hewa ni nzito, na injini isiyo na tabo, yaani feni ya kuisukumia hewa, hupumua vizuri hapa kuliko mahali popote nchini. Ukipanda kwenda Nairobi, iliyo juu karibu mita 1,700, injini hiyo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, na dizeli yenye tabo haisikii sana. Kwa hiyo mtu wa Nairobi akikuambia petroli haivuti, anasema kweli ya kwao. Kwetu kilima kinachokupima ni kile cha Mazeras. Pale petroli yangu ilikuwa inashuka gia mara mbili na kulia kama mtoto aliyenyimwa titi, na malori ya kontena yananifuata kwa nyuma taa zikiwaka. Dizeli hupanda bila kuomba ruhusa. Kusini, njia ya Shimoni, ndiko kulikobadilika zaidi, lakini si kwa sababu ya injini: tangu barabara ya Dongo Kundu ipitike kupitia daraja la Mteza hadi Kibundani, siingii feri ya Likoni na trela. Aliyewahi kushuka ile rampu ya feri maji yakiwa yamekupwa, trela ikining'inia na mamia ya watu wa miguu wakipita ubavuni, anajua ninachosema.

Sasa pesa, maana hapo ndipo shemeji aliponinunia.

Siku nilipokuwa natafuta, tofauti kati ya petroli na dizeli za umri mmoja ilikuwa karibu laki saba. Dizeli yangu bila trela hunipa kama kilomita 11 kwa lita, na nikivuta hushuka hadi saba na nusu hivi. Petroli ilinipa nane bila mzigo, na tano nikivuta, siku nyingine chini ya hapo. Bei za mafuta EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati, huzitangaza tarehe 14 ya kila mwezi, na Mombasa huwa chini kidogo ya Nairobi kwa kuwa mafuta hutua hapa Kipevu. Kwa ajili ya hesabu tu, chukua petroli shilingi 180 na dizeli 170. Kilomita 1,000 za kuvuta zitakula petroli ya shilingi 36,000, au dizeli ya karibu 22,700. Umeokoa kama 13,000. Ili laki saba zirudi unahitaji kuvuta zaidi ya kilomita 50,000. Bila trela unaokoa kama 7,000 tu kwa kila kilomita 1,000, kwa hiyo zitarudi ukiwa umezunguka kilomita 100,000. Na hapo nozeli, zile za kunyunyizia mafuta ndani ya injini, hata moja haijaharibika.

Mimi navuta. Upepo wa kusi ukianza, mwezi wa nne, boti zote za utalii zinataka kutolewa majini kwa matengenezo, na ikifika mwezi wa nane zinarudi kwa fujo ileile. Katikati kuna za wavuvi, za mahoteli, za watu wanaonunua na kuuza. Shemeji ana boti ndogo ya injini moja ya farasi 40, anaishusha siku za sikukuu, na siku zilizobaki gari lingekuwa la kupeleka watoto shule na kukaa kwenye foleni ya Nyali. Trela yake na boti haifiki tani moja. Nilimwambia hata petroli ya lita mbili itaivuta hiyo. Kinachoamua si uzito wa mzigo wako mkubwa kuliko yote. Ni saa ngapi kwa mwezi gari linakuwa na mzigo.

Tena hiyo foleni ya Nyali ina sumu yake. Dizeli za kisasa, hasa zilizotoka Ulaya, zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili yaungue bomba lazima lipate moto wa karibu nyuzi 600. Moto huo unaupata ukikimbia barabara ndefu, au ukivuta mzigo. Kutoka Tudor hadi Nyali na kurudi, injini haijapata joto umeshazima. Jamaa mmoja ninayemfahamu alinunua pikapu ya dizeli ya kwendea sokoni tu, taa ya chujio ikawaka, akaipuuza, gari likakataa kupita mwendo wa bodaboda. Fundi akamwambia alitoboe chujio. Wengi hufanya hivyo, nami sipendi: moshi unaongezeka, na ukitaka kuliuza kwa mtu anayejua, bei inaanguka. Gari langu lina chujio hilohilo na halijanisumbua, kwa sababu halipumziki.

Suala la pili ni mafuta yenyewe. Pampu ya dizeli ya sasa husukuma mafuta kwa shinikizo linalopita bar 2,000, na kinachoilainisha ni dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake. Ukichanganyiwa mafuta ya taa, ulainishaji unapungua, chuma kinasuguana na chuma, na unga wa chuma unasafiri hadi kwenye nozeli. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua biashara hiyo ya kuchanganya, na imepungua sana. Mimi hata hivyo najaza vituo viwili tu ninavyovijua, na filta ya dizeli nabadilisha kabla ya muda wa kitabu. Nozeli nne mpya zinameza zaidi ya laki moja bila kutafuna. Petroli yangu ya zamani ilikula plagi na filta, na fundi yeyote wa Magongo aliifungua kwa spana tatu. Oili nayo: dizeli inataka zaidi ya lita saba kila sevisi, ile nyingine haikufika sita.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawaligusi, nalo ndilo lingenifanya nimzuie mtu hata akiwa na pesa. Gari kuweza kuvuta si sawa na gari kuweza kusimamisha. Kitabu cha gari langu kinaniruhusu tani 3.2, lakini kwa trela yenye breki zake. Trela isiyo na breki mwisho ni kilo 750. Sasa pita Mtwapa uangalie trela za boti: nyingi zimeungwa na mafundi wa kuchomea, ekseli ya gari la zamani, hazina breki hata ya sura. Pikapu ya petroli ilikuwa inakukumbusha udhaifu wako kwa kukataa kupanda. Dizeli hupanda kwa furaha, halafu unafika kilele cha Mazeras ukiwa na mwendo na mzigo ambao breki za gari peke yake hazitauweza. Wala usitegemee injini ikuzuie kwenye mteremko. Kwa asili dizeli haizibi hewa inayoingia ukiachia mafuta, kwa hiyo hainyonyi na haishiki kama petroli. Malori makubwa yamewekewa breki ya moshi kwa sababu hiyo, pikapu haina. Mimi hushuka nikiwa nimeweka gia ya chini mapema, kabla ya mteremko.

Ndiyo maana pesa ya kwanza niliyotumia baada ya kununua gari ilikwenda kwenye trela. Niliweka kichwa cha kufungia chenye breki za kusukumwa, ambapo gari likisimama trela inajisukuma mbele na kujifunga breki yenyewe. Nikasogeza pia kigingi cha trela kinachozuia pua ya boti, ili uzito kidogo ulale kwenye ndoano ya pikapu. Kama nyuma ya trela ni nzito kuliko mbele, basi la Malindi likikupita kwa kasi trela inaanza kupiga mkia, na hapo injini yako iwe ya dizeli au ya mkaa haikusaidii kitu.

Chumvi nayo haichagui. Ukifika dikoni beringi za trela zikiwa moto na ukazitumbukiza moja kwa moja, zinapoa ghafla na kuvuta maji ya bahari ndani kupitia sili. Baada ya wiki chache unasikia zinasaga. Nasubiri zipoe ndipo niteremke, kisha nikifika nyumbani namwagia maji baridi trela yote, na chini ya pikapu pia, kwenye springi na chesisi. Vijana wa kuosha magari pale Bamburi huniona mwendawazimu kwa kuosha tumbo la gari na kuacha milango na vumbi.

Ukiamua kununua dizeli iliyotumika, nenda yadi asubuhi na mapema na umwombe mwenye yadi asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti iwe baridi. Dizeli nzuri kwa joto letu la Mombasa inawaka mara moja. Ikitoa moshi mweupe unaodumu, au ikitetemeka dakika nzima ndipo itulie, shuku nozeli. Ingia chini uangalie kama kulikuwa na ndoano ya kuvutia iliyoondolewa, maana alama za boliti hubaki, na gari lililovuta sana Ulaya si baya kama lilitunzwa ila bei ishuke. Magari ya Uingereza pia hupita kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo gonga chesisi kwa bisibisi, usiangalie rangi nyeusi iliyopakwa juzi. Mwisho fundi wako asome kompyuta ya gari aone masizi yamejaa kiasi gani kwenye chujio, na kama chujio lenyewe bado lipo. Shemeji alinipeleka kwenye yadi ile aliyoipenda. Tulikuta bomba limekatwa na kuchomewa upya.